Haki ya Kuambiwa

Haki nyingi, ukinyimwa, unajua. Ukipigwa unajua. Ukilazwa njaa unajua. Ukiwekwa mahabusu miezi mitatu bila kufikishwa mahakamani, siku unazihesabu mwenyewe. Lakini ipo haki moja ambayo ukinyimwa hujui kwamba umenyimwa, kwa sababu yenyewe ni haki ya kuambiwa jambo. Asiyeambiwa hana pa kuanzia kulalamika.

Haki hiyo imo katika Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, wa mwaka 1963. Raia wa kigeni akikamatwa na akiomba, wakuu wa nchi iliyomkamata wanatakiwa kuijulisha ofisi ya konseli wa nchi yake bila kuchelewa. Konseli ni yule afisa wa ubalozi anayeshughulika na shida za watu wa kawaida: pasi iliyopotea, maiti ya kusafirishwa nyumbani, kijana aliyeko kituo cha polisi. Kisha Ibara inaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini chake: wakuu hao wamwambie mkamatwa mwenyewe kwamba ana haki ya kuomba hivyo. Ni sentensi moja tu ya kutamkwa, na haigharimu hata shilingi.

Nilianza kuzisoma kesi za Ibara hii kwa ajili ya semina ya falsafa ya sheria, nikidhani ni habari za wanadiplomasia. Nikakuta ni habari za watu waliokuwa wakisubiri kuuawa, na wengine waliokwisha kumaliza vifungo vyao lakini bado wanadai. Swali lililonikaa kichwani ni hili: mtu asipoambiwa haki yake, na tukawa na hakika kwamba hata angeambiwa hukumu ingekuwa ileile, je, ameibiwa kitu?

Mwaka 1982, ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, walikwenda kuiba benki katika mji wa Marana, Arizona. Meneja wa benki akauawa. Walihukumiwa kifo. Walikuwa raia wa Ujerumani, ingawa walihamia Marekani wakiwa watoto wadogo na walizungumza kama Wamarekani wengine. Hakuna aliyewaambia habari za konseli. Ujerumani ilipata habari mwaka 1992, kutoka kwa ndugu wenyewe, nao walielezwa haki yao na wafungwa wenzao. Wakuu wa Marekani waliwaarifu rasmi Desemba 1998. Karl aliuawa kwa sindano ya sumu Februari 1999, na Walter akauawa kwa gesi wiki moja baadaye, siku ileile ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitoa amri kwamba asubiriwe.

Hapo pa wafungwa wenzao pananigusa kila ninapoparudia. Dola lenye mahakama, wanasheria na maktaba halikusema. Aliyesema ni mtu wa selo ya jirani.

Utetezi wa Marekani katika kesi hizi una sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja: onyesha madhara. Angel Francisco Breard, raia wa Paraguay, alihukumiwa kifo Virginia kwa kumuua mwanamke. Alikataa makubaliano ya kukiri kosa ambayo yangemwepusha na adhabu ya kifo. Badala yake alipanda kizimbani na kukiri mbele ya jopo la wananchi linaloamua kesi, akieleza kwamba alikuwa chini ya laana ya kishetani. Baadaye mawakili wake walisema kwamba konseli wa kwao angeweza kumweleza, kwa lugha na kwa mizani ya kwao, kwamba katika nchi ile kujieleza hivyo hakuleti huruma. Mahakama ya Juu ya Marekani haikushawishika. Ilisema kwamba alichelewa kuleta hoja hiyo, na kwamba hata asingechelewa, ni vigumu kutengua hukumu bila kuonyesha kwamba kosa lile liliathiri kesi. Aliuawa Aprili 14, 1998.

Tuitazame hoja ya kuchelewa, maana ina kichekesho kichungu ndani yake. Kanuni inasema hoja ambayo hukuileta katika kesi ya awali huwezi kuileta baadaye. Ni kanuni nzuri kwa mambo mengi, kwani bila hiyo kesi hazingeisha. Lakini hapa anayeambiwa "umechelewa" ni yule ambaye haki yake ilikuwa ni kuambiwa mapema. Aliyenyamaza ndiye anayekulaumu kwa kutosikia.

Sote tumelelewa na msemo kwamba kutoijua sheria si utetezi. Anaambiwa mama anayeuza samaki bila leseni, anaambiwa dereva wa bodaboda, anaambiwa mgeni aliyeshuka jana kwenye basi. Katika kesi hizi msemo umegeuzwa juu chini. Aliyeivunja sheria bila kuijua alikuwa polisi. Hakuwa na nia mbaya. Mara nyingi hakuwahi hata kusikia kwamba mkataba huo upo. Na kutojua kwake kukapokewa kama utetezi, wakati kutojua kwa mfungwa kukahesabiwa kama kosa lake mwenyewe.

Mwaka 2001, katika kesi ya LaGrand, Mahakama ya The Hague ilijibu swali langu moja kwa moja. Ilisema kwamba haijalishi kama ndugu wale wangeomba msaada wa konseli, haijalishi kama Ujerumani ingeutoa, wala haijalishi kama hukumu ingekuwa tofauti. Inatosha kwamba mkataba uliwapa haki hiyo, na kwamba walizuiwa kuitumia endapo wangependa. Ikasema pia kwamba kwa mtu aliyefungwa muda mrefu au kupewa adhabu kali, kuombana radhi baina ya serikali hakutoshi.

Mwenzangu mmoja darasani, dada aliyewahi kufanya kazi ya kuendesha mashtaka, hakuridhika. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe unazungumza kama hakuna maiti." Alikuwa anairejea kesi ya José Ernesto Medellín, na alikuwa na haki ya kuniambia hivyo. Mwaka 1993, mjini Houston, Medellín na genge lake waliwabaka na kuwaua wasichana wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 16. Alikiri. Kabla ya kukiri aliambiwa kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Hakuambiwa kwamba, akiwa raia wa Mexico, ana haki ya kuitiwa konseli. Mexico ilijua mwaka 1997, alipoiandikia yeye mwenyewe akiwa tayari anasubiri kifo. Mwaka 2004, katika kesi iitwayo Avena, Mahakama ya The Hague iliona kwamba Marekani iliwakosea Wamexico 51, yeye akiwamo, na kwamba kesi zao zipitiwe upya. Rais George W. Bush aliziagiza mahakama za majimbo zitii. Texas ikakataa. Machi 2008 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikasema kwamba uamuzi wa The Hague haugeuki kuwa sheria ya ndani bila Bunge kuutungia sheria, na Rais hana uwezo wa kuliamuru jimbo kwa waraka. Agosti 5 mwaka huo, Medellín aliuawa.

Dada yule aliniuliza: ukiwa mzazi wa mmoja wa wasichana wale, habari za konseli zinakuhusu nini?

Sidhani swali hilo linajibika kwa wepesi, na simwamini mtu anayelijibu kwa wepesi. Lakini nadhani linachanganya mambo mawili. La kwanza ni anachostahili Medellín kwa alichokifanya. La pili ni dola linapaswa kuwa namna gani linapomshika mtu yeyote. Haki ya kuambiwa haikuwekwa kama zawadi kwa watu wema. Dakika polisi anapomfunga mtu pingu, mwema na mwovu bado hawajatenganishwa. Kesi ndiyo itakayowatenganisha. Ukisema haki hii iwe ya wasio na hatia tu, umelazimika kuijua hukumu kabla ya kesi. Na tukiwaza tena habari za wazazi wale: walikaa miaka kumi na mitano wakisikia jina la muuaji wa mtoto wao likitajwa mahakama hadi mahakama, mpaka The Hague, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilitokana na sentensi moja ambayo haikutamkwa kituoni usiku ule. Uzembe wa dola haukumkosea mfungwa peke yake.

Ipo hoja nyingine ya upande wa pili ambayo naiona ina uzito zaidi. Mwaka 2006, katika kesi ya Sanchez-Llamas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mshtakiwa tayari analindwa na mambo mengine: haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Kwa nini basi ushahidi utupwe kwa sababu tu konseli hakutajwa? Konseli ataongeza nini ambacho wakili hana?

Ataongeza kule mtu alikotoka. Wakili wa mahali anaijua sheria ya mahali. Hamjui bibi aliyemlea mshtakiwa, hajui cheti cha shule kiko wapi, hajui kwamba katika kijiji kile kuna daktari anayekumbuka mtoto aliyeletwa akiwa na majeraha kichwani. Ujerumani ilisema hivyo hasa: kwamba ingejulishwa mapema, ingeweza kukusanya ushahidi wa utoto mgumu wa ndugu wale na kuuleta pale adhabu ilipokuwa inapimwa. Mtu anapohukumiwa ugenini huwa kama ameanza kuishi siku aliyotenda kosa. Nyuma yake hakuna mtu. Konseli ndiye anayeweza kuleta habari kwamba nyuma yake kuna watu.

Hata hivyo, nikiishia hapa nitakuwa nimerudi kwenye hoja ya madhara kwa mlango wa nyuma: konseli ni muhimu kwa kuwa anaweza kubadilisha matokeo. Je, pale ambapo hangebadilisha chochote?

Fikiria neno dogo lililomo katika Ibara ya 36: *akiomba*. Konseli haitwi mpaka mwenyewe aombe. Kwa nini walioandika mkataba waliliweka? Mfikirie mtu aliyeikimbia serikali ya kwao, akavuka mipaka miwili usiku, akakamatwa katika nchi ya tatu kwa kukosa kibali. Kwake, kupiga simu ubalozini ni kumkabidhi kwa wale aliowakimbia. Mfikirie na mwingine, mfanyakazi wa ndani aliyekamatwa katika mji wa Ghuba kwa kosa la kutoroka nyumba ya mwajiri, ambaye afisa wa ubalozi wake ndiye pekee mjini atakayeielewa lugha yake. Polisi hawezi kuwatofautisha hawa wawili kwa kuwatazama. Akipiga simu bila kuuliza, anaweza kumwangamiza wa kwanza. Asipopiga na asiulize, anamtupa wa pili. Njia ya kumtendea haki kila mmoja wao ni kumwambia, kisha kumwachia aamue.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kinachoibwa. Aliyekamatwa amenyang'anywa karibu maamuzi yote: ale nini, alale wapi, taa izimwe saa ngapi. Mkataba umemwachia uamuzi mmoja kuhusu nafsi yake: je, nchi yangu ijue niliko, au isijue? Usipomwambia, uamuzi huo unaufanya wewe kwa niaba yake, naye hajui hata kwamba umefanywa. Matokeo ya kesi yanaweza kuwa yaleyale. Lakini mtu aliyestahili kuulizwa hakuulizwa, na hilo ni kosa lililokamilika siku hiyohiyo, kabla jaji yeyote hajafungua faili.

Kama ni kosa lililokamilika, basi linadai kitu. Ndiyo maana wapo wafungwa walioacha kupigania hukumu zao na wakafungua madai ya fidia. Raia mmoja wa India alifungwa Illinois kwa kosa la kumjeruhi mtu kwa bunduki. Alikiri kosa, akatumikia miaka sita ya kifungo cha miaka kumi na miwili, akarudishwa kwao. Hakuwa anadai kwamba hana hatia. Alidai kwamba maofisa waliomhoji hawakumwambia haki yake, na kesi alianza kuiandika mwenyewe bila wakili. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ilimwambia kwamba ndiyo, hii ni haki ya mtu binafsi na anaweza kuidai. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufaa, ya upande wa magharibi, iliwaambia waliodai dhidi ya wakuu wa San Diego kwamba hapana, mkataba huu ni mambo ya nchi na nchi. Mkataba ni mmoja na katiba ni moja, lakini mtu ana haki akikamatwa Champaign na hana akikamatwa San Diego.

Jibu hilo la San Diego linastahili kusikilizwa. Linasema: aliyekosewa ni India, au Mexico, au Ujerumani, nchi na zizungumze. Na kweli Marekani yenyewe, wanadiplomasia wake walipotekwa Tehran mwaka 1979, ilikwenda The Hague ikiitegemea mikataba hii ya Vienna na itifaki zake, na ikashinda. Itifaki inayoipa The Hague uwezo wa kuamua migogoro ya kikonseli ndiyo Marekani iliyojitoa mwaka 2005, baada ya kesi ya Avena. Nchi na zizungumze, lakini pale tu ninapotaka. Hilo ndilo tatizo la kuiacha haki ya mtu mikononi mwa serikali mbili: anakuwa sarafu, inatumiwa siku ikiwa na thamani na kuwekwa mfukoni siku haina.

Kwetu pia jambo hili limefika. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, aliishi Congo kwa miaka 32. Alikuwa anazidai dola na kampuni kubwa fedha nyingi. Novemba 5, 1995 alikamatwa, akawekwa ndani siku 66 mfululizo, na Januari 31, 1996 akafukuzwa nchini. Guinea ilimdai haki The Hague. Congo ilijitetea kwamba hakuomba konseli, na kwamba balozi wa Guinea alikuwa na habari hata hivyo. Mwaka 2010 Mahakama ikajibu kwamba wajibu wa kumwambia ni wa anayekamata, hausubiri kuombwa, na haufutwi kwa kuwa balozi alisikia kwa njia nyingine. Mwaka 2012 alikadiriwa fidia ya dola 95,000. Lakini ukisoma hukumu kwa makini utaona kwamba fidia iliamriwa kwa ajili ya kukamatwa na kufukuzwa kinyume cha sheria. Kwa kutoambiwa haki yake alipata tamko tu, kwamba Congo ilivunja Ibara ya 36.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilisikitika. Sasa sina hakika kwamba tamko ni kitu kidogo. Dola lilisema: hukukosewa, ulinyamaza mwenyewe. Mahakama ikaandika: alikosewa, na kunyamaza kwake si sababu. Kwa mtu ambaye kosa alilotendewa lilikuwa ni kunyimwa maneno, kulipwa kwa maneno kuna aina ya ulinganifu. Ila maneno ya hukumu yanakuja baada ya miaka kumi na mitano, na polisi wa kituo kinachofuata hayasomi. Fidia husomwa. Bajeti ya wilaya ikiguswa, mafunzo huanza. Kwa hiyo nawaunga mkono wanaodai fedha, hata wenye hatia, hata ambao konseli asingewasaidia kitu. Dai lao ndilo linaloupa wajibu huu bei mahali ambapo ulikuwa wa bure, na cha bure hakitunzwi.

Tanzania na Kenya zimeukubali mkataba huu. Kwa miaka mingi magereza ya Tanzania yamewapokea vijana wa Ethiopia wanaokamatwa wakivuka nchi kuelekea Afrika Kusini. Wengi hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Husomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, na wengine huishia gerezani kwa kushindwa kulipa faini. Sisi husema, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa kituo cha polisi hatumhesabu. Vilio vya ndugu zetu walioko jela za ng'ambo tunavisikia, na tunakasirika kwamba ubalozi haukujulishwa. Hasira hiyo ni halali. Kipimo chake ni kama inatufikisha hadi kwenye selo ya kijana yule ambaye hapa mwenye dola ni sisi, na mwenye zamu ni mtu tunayemfahamu.

Ningetamani kila daftari la mapokezi ya mahabusu liwe na mstari mmoja zaidi chini ya jina, umri na kabila. Uraia. Na pembeni yake: ameambiwa, kwa lugha gani, saa ngapi, akajibu nini. Akijibu hapana, iandikwe hapana. Akijibu ndiyo, simu ipigwe kabla ya zamu kubadilishana.